Nilivyoinyoa kipara bustani ya bibi jirani

Jirani yangu hapa Georgia, Marekani, mwendo wa saa moja na nusu kusini mwa Atlanta, ni bibi wa miaka sabini na kitu mwenye bustani ambayo ukiiona utadhani umeshushwa na basi kwetu Muheza, Tanga. Kunde, bamia, viazi vitamu vimefunika matuta, maboga yamepanda uzio mpaka upande wetu. Naandika kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mwaka juzi, mwezi wa Juni, ilikaa kipara kwa wiki kadhaa, na aliyeinyoa ni mimi.

Kabla ya hapo tulikuwa tunapendana. Huku Kusini mwa Marekani mtoto analelewa kumjibu mkubwa "ndiyo, ma'am", kwa hiyo nilipomweleza habari ya shikamoo hakuhitaji maelezo marefu. Kila asubuhi namwamkia juu ya uzio, naye ananijibu "maaarahaaaba" kwa kuivuta kama mtu anayenadi samaki. Alipojua nyumbani kwetu hatuli nguruwe, sukuma anayotuletea akaacha kuipika na kongoro la nguruwe kama walivyozoea, akawa anatuwekea bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi. Sukuma yenyewe inachemka saa mbili. Mara ya kwanza nilidhani ameisahau jikoni. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: mboga iive mpaka isalimu amri, na ile supu inayobaki, wanayoiita potlikker, wengine wanaipenda kuliko majani yenyewe.

Basi ikafika Juneteenth, sikukuu ya Juni 19, siku ambayo mwaka 1865 watumwa wa Texas walitangaziwa kwamba wako huru, miaka zaidi ya miwili tangu Rais Lincoln atoe tangazo lake la uhuru wa watumwa. Ukoo wa bibi ulikuwa unakutana kwake Jumamosi, watu kama arobaini. Ijumaa jioni akawa anaondoka kwenda Savannah kumchukua dada yake, alale huko, arudi asubuhi. Tayari yuko ndani ya gari, akateremsha kioo.

"Mwanangu, kesho asubuhi nichumie a mess of greens, uzioshe, uniwekee barazani."

"Ndiyo, ma'am," nikasema, kama aliyeelewa.

Greens niliijua, mboga za majani. Mess ndiyo iliyonitia shimoni. Kamusi ya kwenye simu ikaniambia ni fujo, vurugu, mparaganyo. Nikajisemea, bibi ana wageni arobaini, anataka nivamie, nichume bila kuchagua. Baadaye sana, nikiwa tayari mshtakiwa, ndipo nilipofundishwa kwamba kwa watu wa Kusini a mess of greens ni kipimo, yaani mboga ya kutosha sufuria moja. Na greens, kwa bibi yule, mwezi ule, ilikuwa safu moja tu ya sukuma kule pembeni.

Saa moja asubuhi nikaingia bustanini na beseni. Muheza ilikuwa saa nane mchana, nikampigia mama kwa video aone. Hilo lilikuwa kosa la pili.

"Shikamoo mama. Ona shamba la jirani."

"Marahaba, baba. Hebu sogeza simu. Zile si kunde zile?"

"Kunde, mama."

"Changa namna hiyo! Na hayo ya kwenye matuta?"

"Matembele."

Mama akanyamaza. Nikasikia anameza mate, tena kwa intaneti.

"Huyo bibi anayafanyia nini?"

"Hayali. Anasubiri viazi."

"Yarabi toba! Na hayo mapana yenye matundu matundu?"

"Sukuma. Viwavi wameyaonja."

"Hayo waachie kuku. Chuma hayo mengine, mwanangu. Chuma ncha tu, yatachipua."

Nisimsingizie mama. Alisema ncha. Lakini mimi nilikuwa nina miaka mitatu sijatia tembele mdomoni, na mtu wa namna hiyo huwezi kumkabidhi shamba. Nilianza na kucha ya kidole gumba, pa, pa, pa, nachuma ncha kistaarabu. Kufika tuta la pili mkono ukashika kasi. Utomvu ukanigandia vidoleni ukageuka mweusi, sikujali. Nikahamia kwenye kunde. Nikapanda kwenye maboga, nikayamenya nyuzi palepale, nimekaa juu ya ndoo, naimba. Beseni likajaa, nikaleta kapu la nguo chafu. Likajaa. Nikatoa foronya mbili kitandani, mke wangu amelala fofofo baada ya zamu ya usiku hospitalini, hana habari kwamba mume wake anafilisi jirani.

Nilipoinua kichwa, bustani ilikuwa imebaki vijiti. Matuta yanang'aa udongo mwekundu wa Georgia kama kichwa cha mwanafunzi aliyekutana na mwalimu wa zamu. Katikati ya jangwa lile sukuma imesimama peke yake, haijaguswa, na viwavi wake.

Hapo mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nikaona nimsaidie zaidi, nimpikie kabisa. Nilikuwa na makopo manne ya tui la nazi. Karanga hazikunipa shida, Georgia ndiyo inayoongoza Marekani nzima kwa karanga. Wazee wa huku huziita goober, na wanaofuatilia asili ya maneno wanasema hilo ni nguba la Kikongo, limevuka bahari na waliouzwa. Kunde nazo zilivuka hivyohivyo, na bamia. Kwa hiyo nilikuwa nakoroga masufuria yangu najiona kama mtu anayerudisha mali kwa wenyewe. Matembele ya nazi, majani ya kunde ya karanga, majani ya maboga na nyanya. Kama ningekamatwa kwa harufu, ningehukumiwa kifungo cha maisha.

Saa nne bibi akarudi. Nikamfuata na sufuria, natabasamu. Yeye alikuwa amesimama kwenye uzio, mkoba bado begani, anaangalia.

Aliangalia muda mrefu.

"Mwanangu," akasema taratibu, "kunde zangu ziko wapi?"

Nikainua mfuniko. "Humu, Bibi!"

Akaniangalia, akaangalia sufuria, akaangalia vijiti. Akasema kwa Kiingereza maneno matamu ya kuombea baraka: Mungu aubariki moyo wako.

"Amina!" nikajibu.

Dada yake akatoka kwenye gari, akaoneshwa bustani, akaniombea baraka ileile. "Amina, Bibi mdogo!" Mpaka saa sita baraka hiyo nilikuwa nimeipokea kutoka kwa watu kumi na wawili, na zote nimeziitikia kwa mkono kifuani. Nikawa nafikiri, huu ukoo una dini.

Kumbe shida haikuwa bustani tu. Kaka yake bibi, mzee mrefu wa kofia, aliposikia nimepika majani ya viazi aliruka. Kwao majani ya viazi ni sumu. Ya viazi mviringo ni kweli si ya kula, lakini viazi vitamu ni ukoo mwingine kabisa, nikamweleza, hakusikia. Akaweka masufuria yangu kwenye meza ya peke yake chini ya mti, akaniletea kiti na bakuli.

"Anza wewe."

Nikaanza mimi. Watu arobaini, watoto wameshika matikiti, vijana wameshika vikombe vya kinywaji chekundu cha sikukuu, wote wananitazama natafuna matembele. Mzee anaangalia saa. Baada ya nusu saa akaniuliza kama naona vizuri. Nikamwambia naona vizuri, naomba niongezewe. Bibi mmoja mkongwe kwenye kiti cha magurudumu akasema kama mimi sijafa, basi yeye kwa umri wake hana cha kupoteza. Akapewa kijiko. Akalamba. Akaomba mkate wa mahindi.

Na mkate ule, uliokaangwa kwenye kikaango cha chuma mpaka ukingo umekauka, ndio ulioniokoa. Yule mkongwe aliuchovya kwenye mchuzi wangu wa nazi. Mzee wa kofia akashtuka: mkate hauchovywi, unavurugwa ndani ya bakuli! Mwingine akasema unachovywa! Kumbe ugomvi huo huku ni wa zamani. Mwaka 1931 Huey Long wa Louisiana, mwanasiasa mzima, alibishana nao gazetini: yeye achovye, mhariri wa Atlanta Constitution ang'ang'anie kuvuruga. Ukoo ukagawanyika pande mbili, kila upande unahitaji mchuzi wa kuthibitishia hoja yake, na masufuria yangu yakaisha yote matatu. Hakuna aliyesema ni tamu, lakini sufuria niliosha mimi, hapakuwa na cha kukwangua.

Usiku nikamsimulia mke wangu jinsi nilivyobarikiwa. Akakaa kitandani, kando ya mito isiyo na foronya, akanitazama.

"Wewe ulijibu nini?"

"Amina."

"Mara ngapi?"

"Zote."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Hospitalini kwake, akasema, hiyo ndiyo lugha ya manesi wa Kusini wakitaka kumwita mtu mjinga bila kuvunja adabu.

Asubuhi nilikwenda kuomba radhi kikweli. Ndipo bibi aliponionesha chupa ya mdomo mpana, tupu, anayoihifadhi kwenye friza. Mbegu zile za kunde zilitoka kwa mama yake. Kila mwaka anapanda, anavuna, anabakiza za mbegu, na nyingine anaziweka kwa ajili ya Januari 1. Kunde siku hiyo ndizo sarafu, sukuma ndizo noti, mkate wa mahindi ndio dhahabu. Usipokula, mwaka mzima mfuko unalia. Nikamwambia zitachipua, mama yangu kasema. Na kweli zilichipua, laini, za kijani kibichi, na usiku mmoja wa Julai kulungu wakaja wakazila tena. Viazi vilipona. Kunde alivuna vikombe viwili. Kimoja kikarudi chupani.

Januari 1 tuliitwa kula. Mke wangu akapakuliwa kunde kijiko kizima. Sahani yangu bibi aliishika mwenyewe, akainamia sufuria, akawa anaweka kwa ncha ya kijiko. Nilizihesabu. Saba.

"Bibi, mwaka mzima huu..."

"Majani yapo mengi, mwanangu," akasema, akanisukumia bakuli la sukuma. "Si ndiyo unayopenda?"