Gari Limeharibika?

Mwezi uliopita, baada ya ibada, nilitia sahihi ahadi: kila Jumatano nitaacha gari nyumbani niende kazini kwa baiskeli. Foleni ya kutia sahihi ilikuwa ndefu. Ahadi haina bei.

Jumatano ya kwanza nikatoka Migosi, hapa Kisumu, nikiwa nimefunga mguu wa suruali kwa kipande cha tyubu, nikapita Kondele, nikateremka na Jomo Kenyatta Highway. Asubuhi barabara hiyo inakuelekeza ziwani yenyewe, pedeli unazigusa tu. Mbele ya soko la Kibuye ndipo nilipobanwa kati ya matatu na mkokoteni wa ndizi. Nilifika kazini mzima, shati limenigandia mgongoni.

Askari wa getini akanitazama, akaitazama baiskeli. "Mkubwa, gari limeharibika?"

Nikamweleza habari ya ahadi. Akacheka kwa adabu, kisha akasema baiskeli haziruhusiwi kwenye maegesho. Niipeleke nyuma, kwenye jenereta. Huko nikakuta baiskeli kuukuu ya Black Mamba imefungwa mnyororo kwenye bomba. Ilikuwa yake. Huja nayo kutoka Nyamasaria kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kumletea karatasi atie sahihi.

Mipango hii ya ahadi siichukii. Ila inatuhubiria kana kwamba tatizo letu ni moyo mgumu. Sisi watu wa magharibi mwa Kenya hatuhitaji kufunzwa baiskeli! Bodaboda yenyewe ilizaliwa mpakani, Busia na Malaba, ikiwa baiskeli yenye kiti cha sponji juu ya keria. Hapa Kisumu tulikuwa tukibebwa kwa ndiga, yaani baiskeli hizo, mpaka mlangoni, mama na kapu lake la omena. Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki ndogo, na baada ya miaka michache tu wale vijana wa ndiga wakawa wamehamia kwenye injini. Hakuna aliyeahidi kuacha baiskeli. Bei ndiyo iliyosema.

Kwa hiyo karatasi ile ningeipeleka kwingine. Mwenye jengo aahidi chuma cha kufungia baiskeli pale mbele, panapoonekana, na bafu moja la kuogea. Kaunti iahidi kwamba njia za miguu na baiskeli zilizotengenezwa mjini hazitageuzwa maegesho ya pikipiki na meza za mitumba (ingawa wa mitumba naye lazima apewe pa kuuzia, tusijifanye hatumwoni). Mimi wa shati lililolowa nije mwisho kabisa.

Jumatano tatu nilitimiza. Ya nne mvua ilipiga tangu alfajiri, nikachukua gari. Askari alifungua geti kabla sijapiga honi, akanipigia saluti.

"Afadhali limepona, mkubwa."