El Malei Rachamim: kinacholiza ni sauti au ni jina?

Msemaji wa Kiswahili anayeisikia kwa mara ya kwanza sala ya Kiebrania iitwayo El Malei Rachamim, yaani "Mungu uliyejaa rehema", hayuko mbali nayo kama anavyodhani. Rachamim na rehema yetu, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, ni za mzizi mmoja, na mzizi huohuo ndio uliotupa neno marehemu. Mungu anayeombwa huitwa shochen, akaaye juu, na mwenye sikio zuri atasikia humo maskani. Hata hivyo, wengi wanaobubujikwa na machozi inapoimbwa hawajui Kiebrania hata neno moja, na hapo ndipo panapozuka swali: je, kinachowaliza ni sala yenyewe, au ni ufundi wa koo la mwimbaji?

Sala hii ni ya Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki (Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Uhispania na Ureno, wana yao, Hashkavah), na chimbuko lake kwa kawaida huhusishwa na mauaji ya Wayahudi wakati wa Vita vya Msalaba na yale ya mwaka 1648 na 1649, wakati wa uasi wa Wakosaki wa Ukraine walioongozwa na Khmelnytsky. Hazani, yaani kiongozi wa sala, huiimba makaburini, na pia katika Yizkor, ibada ya kuwakumbuka waliofariki inayofanyika mara nne kwa mwaka, ambayo katika sinagogi nyingi wenye wazazi wote wawili hai huipisha kwa kutoka nje, wakabaki ndani waliofiwa. Huombwa kwamba roho ya aliyefariki ipate pumziko chini ya mbawa za Mungu na ifungwe katika furushi la uhai, maneno ambayo Abigaili alimwambia Daudi katika Samweli wa Kwanza, na ambayo leo huchongwa kwenye mawe ya makaburi ya Kiyahudi kwa ufupisho wa herufi tano. Wimbo hauna mapigo ya kuhesabika. Hazani huivuta silabi moja, akaipandisha, akaivunja katikati kana kwamba pumzi imemwishia, kisha akaiteremsha taratibu.

Wanaoamini kwamba nguvu imo katika sauti wana hoja nzito. Meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912, hazani mashuhuri Yossele Rosenblatt aliirekodi sala hii kwa kumbukumbu ya waliokufa, na santuri ikaipeleka kwa watu ambao hawakuwa wamekanyaga sinagogi. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha hazani Sholom Katz. Inasemekana kwamba alipokuwa miongoni mwa Wayahudi waliopangwa kupigwa risasi wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliomba ruhusa ya kuwaimbia wenzake El Malei Rachamim, na afisa aliyeisikia sauti yake akamwacha hai. Baada ya vita aliirekodi, akiyataja ndani yake majina ya Auschwitz, Majdanek na Treblinka, kambi ambamo Wanazi waliwaua Wayahudi.

Lakini kisa hichohicho, kikisomwa kwa makini, kinawapa silaha wenye shaka. Afisa aliguswa, akamwokoa mwimbaji, na wenzake wakauawa. Sauti iliyomfikia moyoni haikumzuia kuua. Ilimfanya tu aone hasara kuipoteza. Katika karne ya 16 Yosef Karo, katika kitabu cha sheria kiitwacho Shulchan Aruch, alikwisha kutenganisha hazani anayerefusha sala kwa sababu moyo wake umejaa shukrani na yule anayeifurahia sauti yake mwenyewe, akimwita huyu wa pili wa kulaumiwa. Mshairi wa Israeli Yehuda Amichai, aliyepigana vita vya mwaka 1948 vya kuanzishwa kwa taifa hilo na kubeba maiti, alikwenda mbali zaidi: katika shairi lenye jina la sala hii alisema kwamba kama Mungu asingejaa rehema, rehema ingekuwapo duniani badala ya kubaki kwake peke yake. Ni dhihaka kali, ingawa kwangu inathibitisha uzito wa sala, kwa kuwa hakuna anayejisumbua kugombana na maneno matupu.

Ugomvi mwingine ni wa kalenda. Bunge la Israeli lilichagua tarehe 27 ya Nisan, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, kuwa siku ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi katika Maangamizi, na sheria yake ikapitishwa mwaka 1959. Siku hiyo El Malei Rachamim huimbwa mbele ya taifa zima. Nisan, hata hivyo, ni mwezi wa Pasaka ya Kiyahudi, ambao kwa desturi sala za maombolezo huepukwa, na wapo washika dini ambao hawakuwahi kuridhika. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono, kwa maana msiba wa ukubwa huo haukungoja mwezi ufaao.

Ninachokiona mimi ni kwamba wote wanaolisaka jibu katika sauti, au katika tafsiri, wanairuka sehemu moja. Katikati ya sala pana pengo. Maneno yote ni yaleyale kwa kila maiti, isipokuwa hapo, ambapo hazani hutaja jina la marehemu na la mzazi wake, kisha akaeleza kwamba jamaa zake wameahidi sadaka (Kiebrania husema tzedakah) kwa ajili ya kumkumbuka. Hapo mapambo ya sauti hupungua, kwa sababu jina la mtu halipambwi sana. Mwana aliyekuwa ametulia tangu mwanzo huweza kuvunjika hapo, kwa kulisikia jina la babake katikati ya maneno ya kale.

Itasemwa kwamba kwa waliouawa pamoja na ukoo mzima hakuna aliyebaki wa kulileta jina. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu Katz aliimba majina ya kambi. Mahali pa "fulani bin fulani" pamesimama Treblinka, na anayeijua sala husikia, kabla ya kuisikia sauti yoyote, kwamba jina la mtu halikutajwa.