Umeme wa maji ni jadidifu hadi maji yakatike

Oktoba 2015 mitambo ya umeme wa maji Tanzania ilikuwa na uwezo wa megawati 561. Zilizokuwa zinapatikana ni 105. Mashine zilikuwa nzima na mafundi walikuwa kazini. Mabwawa ndiyo yaliyokuwa yameshuka, mitambo ikazimwa mmoja baada ya mwingine, na tukarudi kwenye pasi za mkaa.

Namba hizo mbili hunirudia kila nikisikia hesabu mpya za nishati jadidifu, ile isiyokwisha kwa kutumiwa. Kwenye mkutano wa nishati wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Dar es Salaam Januari 2025, serikali iliahidi kuwa ifikapo 2030 sehemu ya nishati jadidifu kwenye umeme unaozalishwa iwe asilimia 75. Huko hatufiki bila Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, takriban nusu ya uwezo wote wa gridi ya Taifa. Kwa hiyo ubishi wa kama bwawa kubwa lihesabiwe jadidifu au la una uzito wake. Ukilitoa kwenye hesabu, ahadi yote inaporomoka.

Wanaosema lihesabiwe wana hoja nzito, na kwa sehemu kubwa niko nao. Gesi ya Songosongo ukishaichoma imekwenda. Maji yanayotoka bwawa la Mtera, kwenye mto Ruaha Mkuu, yanazungusha mashine palepale, yanateremka Kidatu yanafanya kazi tena, na siku hizi yanaingia bwawa la Nyerere kwa zamu ya tatu. Halafu bwawa ni ghala. Jua likizama kwenye mradi wa sola wa Kishapu, paneli zinalala, lakini maji yaliyotunzwa yanaweza kufunguliwa saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha taa na jiko.

Wako wanaotaka kukata mzizi wa fitina kwa ukubwa: mtambo mdogo ukubaliwe, mkubwa ukataliwe. Jimbo la California, Marekani, limeweka mpaka wa megawati 30 kwa mitambo ya maji inayohesabiwa kwenye lengo lake la nishati jadidifu. Kwa kipimo hicho Hale yenye megawati 21 ingepita na Kidatu yenye 204 ingekwama, ingawa zote zinakula maji ya mto. Na ukubwa haukuambii madhara. Mtambo wa Kihansi una bwawa dogo sana, nguvu yake inatokana na maporomoko marefu. Lakini maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mashine, manyunyu yaliyokuwa yakilowesha miamba ya korongo yalikatika, na chura mdogo aliyegunduliwa hapo mwaka 1996, asiyeishi penginepo duniani, akatangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Ilibidi yatandazwe mabomba ya kunyunyiza maji kwenye miamba, na vyura waliozalishwa kwenye bustani za wanyama Marekani warudishwe kwa ndege. Megawati 180 tu hizo.

Upande unaoeleweka vibaya ni ule unaouliza maji yatatoka wapi. Mjadala wa Rufiji uliharibika mapema. Mashirika ya uhifadhi ya nje yalipopiga kelele kuhusu Selous, pori la akiba lilimojengwa bwawa, urithi wa dunia tangu 1982, kila aliyeuliza jambo akaonekana katumwa na mabeberu. Wakati swali ni la hapa hapa nyumbani. Anauliza mkulima wa mlau, yule wa Rufiji anayesubiri mafuriko yashuke apande mahindi kwenye udongo uliobaki na unyevu. Anauliza mvuvi wa kamba kwenye mikoko ya delta, ambako mto ulizoea kuleta tope lake, na tope hilo sasa kwa sehemu kubwa linabaki nyuma ya ukuta.

Na huko juu kabisa kuna Usangu, bonde la Mbeya linalolisha Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye madimbwi ya tope. Maji yanachepushwa kwenda kwenye majaruba ya mpunga, na mchele wa Mbarali unaliwa na haohao tunaolalamikia mgao wa umeme, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka 2006 serikali iliondoa wafugaji na ng'ombe wao Usangu. Baadhi walihamia bonde la Kilombero, na mzigo ukahama nao.

Mtetezi wa bwawa ana jibu hapa, na ni jibu la haki: Ruaha inachangia sehemu ndogo ya maji ya Rufiji, zaidi ya nusu yanaletwa na Kilombero. Kweli. Lakini hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Nusu ya umeme wa nchi imeegemea bonde moja lenye miwa, mpunga, mifugo na vijiji vinavyokua kila mwaka. Mvua za miaka ya karibuni zimekuwa nzuri, bwawa likajaa, hata Machi 2024 baadhi ya mitambo ya maji ikazimwa kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Kwenye neema hiyo nani atakumbuka 105?

Waliokua na mgao watakumbuka taarifa ya habari ya saa mbili, kina cha Mtera kikisomwa kama matokeo ya mpira. Likijaa ni mita 698.50 juu ya usawa wa bahari. Likifika 690 mashine zinapaswa kuzimwa. Ni mita nane na nusu kati ya taa na kibatari.

Kwa maoni yangu serikali iendelee kuliita bwawa jadidifu na kuligharamia, ila jina hilo liambatane na wajibu. Fedha za kuta na nyaya hupatikana, mikopo husainiwa, viongozi hukata utepe. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi iliyoko Iringa inayotoa vibali vya kuchepusha maji, haijawahi kukatiwa utepe wa aina hiyo. Sehemu ya kila uniti inayouzwa ingerudi huko, kupima mito, kukarabati mabanio ya mpunga yanayovuja, kumlipa anayelinda chanzo. Na siku asilimia 75 itakapotangazwa, pembeni yake iandikwe namba ya pili: mwaka huo Ruaha ilikauka siku ngapi.