Cheti cha Maabara na Fomu 34A

Machi 2013, Wakenya walikaa mbele ya runinga wakitazama idadi ya kura zilizoharibika ikipanda hadi ikapita 300,000. Wanasiasa wakaanza kuvutana kama kura hizo zihesabiwe wakati wa kutafuta asilimia 50 ya mshindi. Siku chache baadaye Tume ya Uchaguzi (IEBC) ikatoa maelezo: programu ya kupokea matokeo ilikuwa na hitilafu, na kura zilizoharibika zilikuwa zikizidishwa mara nane. Mdukuzi hakuhusika. Lilikuwa kosa la programu ambalo lingegunduliwa mchana mmoja tu na yeyote ambaye angeingiza fomu kadhaa za mfano akalinganisha jumla.

Wanaodai viwango na upimaji huru wa mitambo ya uchaguzi wanaanzia hapo, na ni vigumu kuwabishia. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa ikapigwa muhuri. Iweje mfumo wa kumpata rais uletwe na kampuni, uwashwe, tuambiwe uko sawa? Marekani ilijifunza hilo baada ya vurugu za kura za Florida mwaka 2000. Sheria ya mwaka 2002 ikaunda tume ya kusimamia viwango vya mitambo ya kura na kuidhinisha maabara za kuipima. Toleo la viwango lililopitishwa Februari 2021 linataka mfumo uwe wa namna ambayo kosa la programu haliwezi kubadilisha matokeo bila kugundulika. Ni sharti zuri sana. Lakini hata huko, kwa sheria ya taifa viwango hivyo ni vya hiari, kila jimbo huamua lenyewe kama vitawabana wauzaji wake, na maabara hulipwa na kampuni ileile inayopimiwa bidhaa.

Wenye shaka wana ushahidi wao, tena mzito. Nchini Uholanzi mashine za kupigia kura za kampuni ya Nedap zilikuwa zimepimwa na kuidhinishwa kwa miaka. Oktoba 2006 kundi la wanaharakati likiongozwa na Rop Gonggrijp lilionyesha kwenye televisheni jinsi ya kuifungua mashine, kubadilisha vipande vyake vya kumbukumbu na kuifanya ihamishe kura. Waliifanya hata icheze sataranji. Vyeti vilikuwepo vyote, ila vipimo vyenyewe vilijali zaidi kama mashine inastahimili mazingira na kufanya kazi inavyotakiwa. Mtu mwenye bisibisi na nia mbaya hakufikiriwa. Uholanzi ikarudia karatasi na penseli nyekundu.

Watetezi wa upimaji hujibu kwamba kilichoshindwa pale ni kiwango kilichopitwa na wakati, basi kiandikwe kingine bora. Sawa. Ila Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, katika hukumu ya Machi 3, 2009, iliuliza swali lisilojibika kwa maabara bora zaidi. Mashine za aina hiyohiyo zilitumika katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2005, zikiwa zimepimwa na taasisi ya serikali yenye sifa. Majaji hawakukuta ushahidi kwamba zilikosea, na uchaguzi haukufutwa. Walichosema ni kwamba raia lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi mwenyewe, bila kuhitaji utaalamu wowote. Mtaalamu aliyekagua kwa niaba yake hatoshi.

Mimi naegemea upande wa majaji hao, na Kenya ndiyo inayonishawishi zaidi.

Chukua mwaka 2017. Kampuni ya Ufaransa, Safran, ilipewa kazi ya vifaa vya KIEMS, vya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, mwezi Machi, bila zabuni ya ushindani, miezi mitano tu kabla ya kura ya Agosti 8. Siku mbili kabla ya kura, IEBC ikatangaza kwamba vituo zaidi ya 11,000 havina mtandao wa kutosha kutuma matokeo. Taarifa kama hiyo hutakiwi kuipata siku mbili kabla! Shauri lilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, tume ikasuasua, na Septemba 1 uchaguzi wa urais ukafutwa. Hapo hata cheti cha maabara bora kingesaidia nini? Maabara hupima kifaa kabla ya siku yenyewe. Ugomvi ulikuwa juu ya kilichotokea usiku wa kuhesabu na siku zilizofuata.

Mwaka 2022 mtoa huduma alikuwa mwingine, Smartmatic, na shaka zilikuwa zilezile. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya kila kituo, kutoka vituo 46,229 ziliwekwa kwenye tovuti ya umma. Ajenti aliyetia saini fomu yake kijijini aliweza kuifungua kwenye simu akaona kama tarakimu ni zake. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, na walalamikaji wakadai fomu zilichezewa njiani, lakini fomu za karatasi zililinganishwa na zilizokuwa kwenye tovuti na madai hayo hayakusimama. Septemba 5 Mahakama ya Juu ikathibitisha matokeo kwa kauli moja. Wengi hawakufurahi, ila ubishi ulikuwa na kitu cha kushika mkononi.

Hata hivyo, wanaosema karatasi inatosha wanakwenda mbali mno. Siku ya kura ya Agosti 2022 vifaa viligoma sehemu za Kakamega na Makueni, ikabidi tume iruhusu daftari lililochapishwa. Mpiga kura aliyerudi nyumbani baada ya alama zake za vidole kukataliwa haonekani kwenye Fomu 34A yoyote. Kasoro hiyo hukamatwa kwa kupima mapema, tena huko huko mashinani, penye jua, vumbi na mtandao wa kubahatisha. Na karatasi iliyofungiwa nayo haina faida: Kongo mwaka 2018 mashine zilichapa kura za karatasi vizuri tu, lakini tume ya nchi hiyo haikuchapisha matokeo ya kituo kimoja kimoja, na mzozo juu ya mshindi ukabaki bila njia ya kuumaliza.

Kwa uchaguzi wa Agosti 2027, basi, sina hamu ya kusikia kwamba mfumo “umeidhinishwa”. Nataka kujua nani amempa kazi mpimaji, kama ripoti yake itachapishwa nzima pamoja na kasoro alizozikuta, na kama ataimaliza mapema kiasi kwamba akisema mfumo haufai, tume bado itakuwa na muda wa kumsikiliza.