Kambi za mahema na mipango ya usafiri: ajenda mbili au moja?

Katika miji mingi ya magharibi mwa Marekani kuna mambo mawili yasiyokauka kwenye meza ya baraza la jiji. La kwanza ni sheria ndogo za kudhibiti kambi za mahema za watu wasio na makazi. La pili ni mipango ya usafiri: mabasi, vituo vya treni, njia za waendao kwa miguu, maegesho. Lile la kwanza hujaza ukumbi, na wananchi hupanga foleni kutoa maoni, wengine kwa hasira, wengine kwa machozi. La pili hujadiliwa ukumbi ukiwa umebaki na wataalamu na madiwani waliochoka. Kosa linaanzia hapo, kwa maoni yangu, kwa sababu mambo hayo yanagombea ardhi ileile na kuwahusu watu walewale.

Tuanze na Portland, Oregon. Mwaka 2021, kwa hesabu ya idara ya usafiri ya jiji hilo, asilimia 70 ya watembea kwa miguu waliogongwa na magari wakafa walikuwa hawana makazi. Februari 2022 meya wa wakati huo, Ted Wheeler, alitoa amri ya dharura ya kupiga marufuku mahema kandokando ya barabara kuu na mitaa yenye historia ya ajali nyingi. Waliomuunga mkono walisema jiji haliwezi kuacha watu walale hatua chache kutoka kwenye magari yanayokimbia. Waliompinga walisema kinachoua ni barabara: pana, yenye taa hafifu, yenye vivuko vichache, na madereva wanaoendesha watakavyo. Ondoa hema, walisema, na barabara hiyo itabaki kumsubiri mfanyakazi anayevuka kuwahi basi la alfajiri.

Wote wana hoja, lakini hazina uzito sawa kwa wakati mmoja. Usiku wa leo amri ya meya inaweza kuokoa mtu. Kuijenga upya barabara huchukua miaka. Ningekuwa diwani ningeiunga mkono amri ile, kwa masharti mawili: iseme watu waende wapi, na barabara hizohizo ziwe za kwanza kwenye orodha ya matengenezo.

Mjadala huu umepata nguvu mpya tangu 28 Juni 2024. Kabla ya hapo, miji ya magharibi ilibanwa na uamuzi wa mahakama ya rufaa wa 2018 katika kesi iliyohusu Boise, Idaho: kumwadhibu mtu kwa kulala nje wakati hakuna kitanda cha kumpa katika makazi ya muda ni kuvunja Marekebisho ya Nane ya Katiba, yanayokataza adhabu za kikatili. Ikaja kesi ya Grants Pass, mji wa Oregon wenye watu wapatao 38,000, uliokuwa ukitoza faini ya dola 295 kwa kulala hadharani. Majaji sita wa Mahakama ya Juu dhidi ya watatu waliupa mji ushindi. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika uamuzi huo, alisema tatizo lina sababu nyingi na majaji si watu wa kuwapangia madiwani sera. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akisema usingizi ni hitaji la mwili wala si kosa la jinai.

Uamuzi huo uliipa miji ruhusa, haukuiamuru. Oregon yenyewe ina sheria ya jimbo ya mwaka 2021 inayotaka kanuni za miji ziwe za haki kuhusu muda, mahali na namna ya kulala nje. Hata Grants Pass haikumaliza kazi kwa kushinda. Ilishtakiwa tena kwa niaba ya watu wenye ulemavu, na makubaliano ya mwaka 2025 yaliulazimu mji kutenga maeneo ya kupiga mahema yanayofikika, yenye nafasi za watu wasiopungua 150. Swali lililodhaniwa kufungwa na mahakama kubwa kuliko zote lilirudi palepale: wakae wapi?

Hoja inayonigusa zaidi upande wa wanaotaka masharti haihusu sura ya jiji wala thamani ya nyumba. Inahusu njia ya waendao kwa miguu. Mwaka 2022 watu kadhaa wenye ulemavu waliishtaki Portland kwa kuacha mahema yazibe njia, wakitumia sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inayolinda haki zao. Mwaka uliofuata jiji lilikubali kuyaondoa mahema yanayoziba njia hizo. Mtu wa kiti cha magurudumu akikuta njia imefungwa hana pa kupita ila barabarani, katikati ya magari. Asiyeona naye hana namna ya kujua kwamba jana palikuwa wazi na leo pamezibwa. Hawa nao ni wanyonge, na hawana gari la kuwaepusha na tatizo. Anayetetea wasio na makazi akawapuuza hawa amechagua mnyonge mmoja akamsahau mwingine.

Lakini timuatimua nayo ina majeruhi wake. Kambi inapovunjwa asubuhi moja, vitambulisho, dawa na simu hupotea, na mhudumu wa jamii aliyetumia wiki kadhaa kumtafutia mtu chumba hurudi asimkute. Utafiti uliochapishwa na jarida la tiba la JAMA mwaka 2023, uliotumia makadirio ya kompyuta kwa miji 23 ya Marekani, ulionyesha kuwa kuwahamishahamisha kwa nguvu watu wa mitaani wanaojidunga dawa za kulevya kunaweza kuchangia asilimia 15 hadi 25 ya vifo vyao kwa miaka kumi. Ni makadirio, si hesabu ya maiti, lakini diwani hawezi kuyaweka kando kwa sababu hiyo tu. Faini nazo hugeuka deni, deni huingia kwenye kumbukumbu, na mwenye nyumba akiiona kumbukumbu hiyo humkataa mpangaji. Mtu ametozwa kwa kukosa nyumba, na tozo hiyo inamkosesha nyumba.

San Diego, California, ilijaribu kushika pande zote mbili. Juni 2023 baraza lake, kwa kura 5 dhidi ya 4, lilipiga marufuku mahema katika bustani za umma, karibu na shule na karibu na vituo vya usafiri, hata vitanda vikiwa vimejaa. Jiji likafungua pia maeneo rasmi ya kulala kwenye mahema, moja likiwa kwenye eneo la maegesho katika bustani ya Balboa Park. Kukubali kwamba hema nalo lazima liwe mahali fulani ni uaminifu ambao mabaraza mengi hayana.

Hata hivyo, hapo kwenye vituo vya usafiri panahitaji kufikiriwa mara mbili. Abiria wana haki ya kituo kilicho wazi na salama. Muuguzi anayetoka zamu usiku asilazimike kuruka mizigo kwenye giza. Ila mtu asiye na gari wala nyumba ndiye anayekihitaji kituo kuliko wote. Kliniki, mahakama, usaili wa kazi na ofisi ya vitambulisho vyote anavifikia kwa basi. Ukimsogeza mbali na kituo ukampeleka kwenye kiwanja kisichopitiwa na basi, umemwondolea njia ya kutoka kwenye hema. Kuna miji inayochagua viwanja vya namna hiyo kwa sababu tu hakuna jirani wa kulalamika. Huko ni kufunika kombe mwanaharamu apite.

Wenye vyombo vya usafiri wanalijua hili kwa uzoefu. Kwa miaka mingi basi namba 22 la San Jose, California, lilifanya safari usiku kucha kwenda na kurudi Palo Alto, na watu walipanda ili wapate pa kulala, hadi likaitwa Hotel 22. Dereva hakuajiriwa kuendesha bweni. Sheria ya mahema ikipitishwa bila idara ya usafiri kukaa mezani, mzigo unaishia kwake.

Kuna na suala la nani mwenye ardhi. Njia ya miguu ni ya jiji. Chini ya daraja la barabara kuu mara nyingi ni mali ya jimbo. Julai 2024 Gavana Gavin Newsom wa California aliziagiza idara za jimbo ziondoe kambi kwenye ardhi zao na kuihimiza miji ifanye vivyo hivyo. Bila mpango wa pamoja mtu hupigwa danadana: jiji humsukuma chini ya daraja, jimbo humrudisha mtaani.

Januari 2024 hesabu ya taifa ilikuta watu 771,480 wasio na makazi, ongezeko la asilimia 18 kwa mwaka mmoja, na zaidi ya 274,000 kati yao walilala nje. Idadi hiyo haimalizwi na kanuni za mahema, na hapa ndipo ule mjadala unaopigwa miayo wa maegesho unapokuwa na maana. Sheria ya California ya mwaka 2022 iliizuia miji kulazimisha wajenzi kuweka maegesho, yanayokula ardhi na fedha za kujengea nyumba, ndani ya nusu maili, takriban mita 800, kutoka vituo vikubwa vya usafiri. Nyingine ya 2025 imeruhusu majengo marefu zaidi ya makazi karibu na vituo. Wakazi wa zamani wanahofia msongamano, na wapangaji wanahofia kodi kupanda wajenzi wakivamia. Hofu ya wapangaji ni ya haki na inahitaji ulinzi wa kisheria. Hofu ya kukosa pa kuegesha gari, kwangu, haiwezi kupimwa sawa na mtu kukosa pa kulala.

Houston, Texas, hutajwa sana, na kwa sababu nzuri: tangu 2012 imewapatia makazi zaidi ya watu 25,000, na kambi nyingi zilifungwa baada ya waliomo kupewa nyumba. Wanaoitaja waseme pia kwamba kodi za pango za Houston ni nafuu kuliko za California, na kwamba kujenga huko ni rahisi zaidi.

Kwa hiyo baraza linalopiga kura kuhusu mahema lipewe kwanza ramani moja yenye maeneo yaliyokatazwa, njia za mabasi pamoja na saa ya basi la mwisho, na viwanja vya umma vilivyo ndani ya mita 800 kutoka kituoni. Maeneo yaliyokatazwa yakipakwa rangi na kilichobaki wazi kikawa kingo za barabara kuu na mabonde ya mito, sheria hiyo irudishwe kwa mwandishi wake. Na pale eneo lililoruhusiwa lisipofikiwa na basi jioni, gharama ya kuongeza safari hizo iingizwe kwenye bajeti ya sheria hiyohiyo ya mahema, isisubiri mpango wa usafiri wa mwaka ujao.