Sato Tunamkagua Mashavu, Nyanya Tunafumba Macho

Ukitaka kumjua mtu wa Mwanza, mpeleke akanunue sato. Hata kama amehamia mjini juzi akitokea Misungwi, atamfunua samaki mashavu aone kama bado ni mekundu, atambonyeza ubavuni aone kama nyama inarudi, atamtazama jicho kama bado linang'aa, ndipo aanze kubishana bei. Tumelelewa hivyo. Nilipokuwa darasa la tano mama alikuwa akinituma Mwaloni, Kirumba, na nikirudi na samaki aliyelala ananirudisha kwa miguu na samaki wake, nikamwambie muuzaji kwamba mama amesema hapana.

Mtu huyo huyo akitoka kwenye samaki anapita kwenye meza ya nyanya, anasema, "Nipe fungu la elfu." Hagusi, hanusi, haulizi zimetoka wapi wala zimechumwa lini. Zinamiminwa kwenye mfuko, safari imekwisha. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia, na ni ugomvi wa mtu anayependa kula.

Napenda kula, tena nakula kwa moyo wote. Siku ya sherehe sitaki mtu anihesabie vipande vya nyama. Kuna mahubiri siku hizi kwamba sherehe zetu zimekuwa za kula mno, kwamba sahani ya kipaimara inatosha kulisha nyumba siku mbili. Huenda inatosha. Lakini Usukumani ni nchi ya watu waliokata viazi vitamu na kuvianika vikawa michembe, wakavichemsha na kuvianika vikawa matobolwa, ili miezi ambayo shamba halitoi kitu watoto wapate cha kuweka mdomoni. Watu waliojua kuhesabu chakula kwa namna hiyo walijua pia kwamba kuna siku ya kutohesabu. Bibi yangu alikuwa akisema mgeni aliyeacha chakula sahani ikiwa bado imejaa ndiye aliyekaribishwa vizuri, na naye alikuwa mwanamke wa kuokota hata punje moja ya mtama iliyoanguka. Sioni mgongano wowote hapo.

Basi mwaka jana mpwa wangu alipata kipaimara, na dada yangu akafanya sherehe ya haja. Pilau, ndizi nyama, mbuzi wa kuchoma, na katikati ya meza masinia ya sato wazima waliokaangwa na kumwagiwa rosti. Wale sato nilikwenda kuwanunua mwenyewe alfajiri, mmoja mmoja, wala hakuna aliyekuwa chini ya kilo moja. Nilibishana mpaka koo likakauka. Shemeji yangu alinunua nyanya, jioni ya siku iliyotangulia, matenga mawili, dakika tano.

Nilijua mambo yameharibika nilipoona kachumbari. Nyanya zilikuwa nyekundu kwa nje, lakini kisu kilipopita zilitoa mlio kama wa tango, na ndani palikuwa na moyo mweupe, mgumu, mkavu. Rosti nayo ilikataa kushuka. Mpishi aliikoroga, akaingoja, mwishoni akafungua nyanya ya kopo ili walau ipate rangi. Wageni walikula, wakashukuru, wakacheza. Nami nilikula. Lakini wale samaki niliowahangaikia walikuwa wamevalishwa nguo ya kuazima, na kila tonge lilinikumbusha.

Nitaeleza kwa nini jambo hili linaniuma kiasi hiki. Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alitambua kwamba zaidi ya tamu, chumvi, chachu na chungu kuna ladha nyingine, ile inayoufanya mchuzi uwe mzito mdomoni na mtu atake kuchovya tena. Aliiita umami, na akaonyesha kuwa inatokana na glutamati. Nyanya iliyoivia kwenye mti ina glutamati nyingi, hasa kwenye ule ute unaozunguka mbegu, ambao wapishi wengine wanaukamua na kuutupa eti rosti isiwe na maji. Samaki naye ana kitu chake, inosinati. Kila kimoja peke yake ni kitamu, lakini vikikutana kwenye sufuria moja ulimi unaisikia ladha hiyo ikizidi kwa mbali jumla ya vyote viwili. Mama zetu walioweka nyanya nyingi kwenye dagaa hawakusoma kemia, ila walijua. Kwa hiyo nyanya kwenye sato si pambo. Ukiweka nyanya isiyoiva umemnyima samaki nusu ya utamu wake, na pesa uliyobishania Mwaloni umeitupa.

Simlaumu mkulima. Nyanya ya kupandishwa fuso na kusafiri usiku kucha lazima ichumwe ikiwa bado ngumu, la sivyo inafika masalo. Aina kama Tanya na Tengeru 97 zinapendwa kwa sababu ngozi yake inavumilia safari na siku za kukaa sokoni, na mkulima aliyewahi kushuhudia tenga zima likivuja maji barabarani ana haki ya kuzichagua. Shida ni kwamba nyanya iliyochumwa ikiwa bado ya kijani itageuka nyekundu, lakini imekwisha kukatwa na mti wake, na sukari iliyokuwa ije kutoka kwenye majani haiji tena. Rangi inatudanganya, na sisi tumekuwa watu wa rangi. Tunakimbia ile yenye mabega ya kijani tukidhani haijaiva. Mwaka 2012 watafiti walieleza katika jarida la Science kwamba nyanya za kisasa zinazoiva rangi moja kote zilizaliwa kwa kuchagua mimea yenye hitilafu kwenye jini moja, lile linaloyapa mabega ukijani, na kwamba jini hilo hilo likiwa zima linasaidia tunda kujitengenezea sukari. Yale mabega tunayoyakataa sokoni ni sehemu ya utamu wenyewe.

Friji nalo linamalizia kazi. Ukiiweka nyanya kwenye baridi chini ya nyuzi 12 hivi, harufu yake inapungua. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida waliziweka nyanya kwenye nyuzi 5 kwa wiki moja, wakazitoa na kuzipumzisha, na harufu nyingi haikurudi. Tafadhali, kama unazo chache nzuri, ziache mezani.

Mimi sasa napanda zangu. Naishi Mabatini, juu kabisa kwenye mawe, mahali ambapo mtu akikuambia ana bustani unamtaka akuonyeshe. Nina ndoo tano zilizotoboka, beseni moja, na kipande cha udongo kati ya mawe mawili, kinachotosha mashina matatu. Mbegu nilipewa na mama jirani yangu, mzaliwa wa Magu, ambaye kila asubuhi namsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama. Siku moja alinipa nyanya ya kienyeji, ndogo, yenye mikunjo kama malenge, akaniambia, "Usiile yote, mwanangu. Bakiza mbegu." Kwa nyanya ya kienyeji inawezekana, ukifanya hivyo kwa zile chotara za F1, yaani zilizozaliwa kwa kuchanganya aina mbili, watoto hawafanani na mama yao.

Msimu wa kwanza nilishindwa vibaya. Kwetu mlimani maji yanapanda kwa siku zake, hivyo nilikuwa nazinywesha kama ngamia siku yakitoka, kisha naziacha na kiu siku nne. Matunda yakaja mengi, mazuri, na kila moja likaanza kuoza kitako, doa jeusi la ngozi ngumu pale chini. Nikadhani ni ugonjwa, nikataka kupiga dawa. Mayu ndiye aliyenizuia. Kumbe kitako kinaoza kwa sababu tunda halipati kalsiamu, na kalsiamu inasafiri na maji. Maji yakija kwa kukatika, nayo inakatika, hata kama iko tele kwenye udongo. Sasa naweka dumu pembeni, kila jioni kopo moja kila shina, na nyasi kavu juu ya udongo ili jua lisiyanywe kabla ya mizizi.

Asubuhi ya kuchuma huwa natoka kabla jua halijapanda juu ya mawe. Ukigusa majani tu, mkono unanuka, harufu kali, ya kijani, ambayo sabuni moja haiitoi, na vidole vinabaki na rangi ya manjano iliyofifia. Nyanya iliyo tayari haivutwi. Unaikalisha kiganjani, unaikunja kidogo pale kwenye goti la kikonyo, inakuja yenyewe. Upande uliolala juu ya jiwe unakuwa na joto la jana. Ile ya kwanza siipeleki ndani. Naipasua kwa vidole, chumvi kidogo, naila nimesimama, na ute unateremka mpaka kwenye kiwiko. Huo kwangu ni mlo wa sherehe sawasawa na sinia la kipaimara, na hauna mwaliko.

Nilipoila ya kwanza msimu wa pili nilikumbuka mapanki. Vijana wa leo wanalijua neno, lakini sisi tuliokulia hapa miaka ya 1990 tunaijua ladha. Viwanda vilichukua minofu ya sangara ikaenda Ulaya, sisi tukanunua kichwa na mifupa yenye nyama iliyoponyoka kisu. Mama aliyakaanga, kisha akayazamisha kwenye nyanya alizolima nyuma ya nyumba, nyingi mpaka mapanki yanafunikwa, akaziacha moto mdogo hadi mafuta yajitenge na kupanda juu. Tulifyonza kila mfupa. Sitaki kuupamba umaskini, minofu ilikuwa haki yetu pia. Nasema tu kwamba sufuria ile ilikuwa tamu kuliko rosti ya kipaimara, na tofauti haikuwa samaki.

Watu huniambia nyanya nzuri haipatikani mwaka mzima. Ni kweli. Masika ukungu unakula majani, na zilizobaki zinapasuka kwa maji mengi. Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndipo zinapokaa vizuri. Lakini nani Mwanza anategemea kila kitu kila siku? Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, gizani, na mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wanapumzika, nasi tunangoja bila kununa. Tumemzoea dagaa na mwezi wake. Sato mwenyewe si mzaliwa wa ziwa hili, aliletwa miaka ya 1950, na wazee bado wanamtaja ngege, samaki wa asili wa hapa, kama mtu anayemtaja mpenzi wa kwanza. Nyanya nayo ilitoka mbali zaidi, milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Kama tumejifunza kumkagua mgeni mmoja mpaka ndani ya shavu, huyu wa pili tunaweza kumnusa pale penye kikonyo. Yenye harufu, chukua. Isiyo na harufu, iache, umwambie muuzaji kwa nini, kwa heshima. Akiambiwa na watu kumi ataanza kumuuliza anayemletea.

Mpwa wangu wa kipaimara sasa anakuja kila Jumamosi kuhesabu. Wiki hii shina la katikati ya mawe lina nyanya kumi na nne, mbili zimeanza kuona haya upande wa jua. Tumekubaliana na dada yangu: zikifika tisa nyekundu, nashuka Mwaloni alfajiri kuchukua sato mmoja, na nyanya hazitachumwa mpaka mafuta yawe yamekwisha kupata moto.