Maoni kuhusu njia ya baiskeli yachukuliwe wapi, na lini?

Anayetaka kujua Nairobi husafiri vipi asimame Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi. Watu wanamiminika kwa miguu kuelekea Industrial Area, na wenye baiskeli wanajipenyeza kati ya matatu na mtaro. Hao ndio watakaotumia njia za baiskeli na za miguu tunazoitwa na kaunti kuzitolea maoni. Mkutanoni huwaoni. Mara nyingi mkutano wa maoni huitishwa saa nne asubuhi, siku ya kazi, kwa tangazo la gazeti ambalo hawakulisoma.

Wataalamu wa mipango wana hoja nisiyoipuuza. Mkutano wa hadhara humpa nafasi mwenye sauti kubwa na mwenye muda. Mwenye duka ataikataa njia ya baiskeli kwa kuwa inachukua maegesho ya wateja wake. Mama mboga ataikataa kwa kuwa hapo ndipo anapopanga nyanya zake. Mtoto atakayeitumia miaka kumi ijayo hana wa kumsemea. Ukingoja wote wakubaliane, mwaka wa fedha utakwisha na hakuna jiwe lililowekwa. Tena, sera ya kaunti ya 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini ilishataka asilimia 20 ya bajeti ya barabara iwaendee wanaotembea na wenye baiskeli. Hilo halihitaji baraza jingine, linahitaji kutekelezwa.

Hapo nakubaliana nao kabisa. Ila katika kukataa kwa mama mboga kuna habari ambayo ramani haina: wapita njia husimama wapi, maji ya mvua hukusanyika wapi, bodaboda huegesha wapi. Njia ikijengwa bila kumuuliza, atarudi palepale na meza yake, pikipiki zitaingia kukwepa foleni, na mwenye baiskeli atarudi barabarani kupambana na matatu. Saruji itakuwepo, njia haitakuwepo.

Na kusikiliza watu wengi kunawezekana. Mitaa ya mabanda ya Mukuru, hapa Nairobi, ilipotangazwa eneo maalum la upangaji (yaani eneo linaloandaliwa mpango wake wa pekee) mwaka 2017, wakazi walijipanga kwa makundi ya nyumba kumi kumi, kila kundi na msemaji wake. Upana wa barabara ukajadiliwa na watu ambao vibanda vyao vingeguswa. Ilikuwa kazi ndefu, lakini aliyesikilizwa pale alikuwa mkazi mwenyewe.

Kwa bustani za umma, ambazo nazo zahitaji maoni ya watu, historia yetu ni kali zaidi. Mwaka 1989, jengo la ghorofa 60 lilipopangwa kusimamishwa Uhuru Park, mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai hakuitwa kutoa maoni. Aliyatoa kwa barua na kwa kupaza sauti, akatukanwa, na bustani ikabaki. Leo Katiba, katika ibara ya 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa umma katika kutunza mazingira, na Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2019 kwamba ushiriki huo uwe wa kweli, si wa kutimiza utaratibu tu.

Kwangu mimi, swali la kama tujenge njia lisirudishwe mkutanoni. Linalofaa kuulizwa ni ipite wapi, taa zikae wapi, wachuuzi wahamie wapi, na liulizwe stendi, sokoni na kwenye lango la kiwanda. Tena liulizwe mapema: kisheria, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unapaswa kufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Anayekusanya maoni Oktoba anawauliza watu kuhusu mpango uliokwisha kuwasilishwa.